Majini wa Nyuma ya Jiko la Mama Tusa

Shikamoo Bibi,

Hapa Tukuyu navaa masweta mawili. Mlima Rungwe nimeuona kwenye picha ya kadi hii tu. Wenyewe umefunikwa na ukungu tangu nifike.

Jana uliniponza ukiwa huko huko Pangani. Mama Tusa, mama wa rafiki yangu ninayekaa kwake, alichemsha ndizi, akaniomba nikamwage maji nyuma ya jiko. Kabla sijainamisha sufuria, mdomo ukasema wenyewe: "Tupisheni jamani, maji ya moto."

"Unaongea na nani, mwanangu?"

Ikabidi nieleze. Naongea na majini, wasije wakaungua. Hata neno lenyewe, kwa Kiarabu lilikotoka, lina maana ya kitu kilichofichika, ndiyo maana Bibi yangu hawamwagii maji kabla ya kuwaambia. Mama Tusa ni mzee wa kanisa, kwa hiyo nilijua ndizi nimezikosa. Akatazama ukungu uliomeza migomba yake yote.

"Hapa kwetu nani hajafichika?" akasema, akanipakulia.

Leo asubuhi alimwaga maji mwenyewe. Nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa mchungaji asisikie: "Mtupishe. Na bibi wa Pangani anawasalimu."

Bibi, miaka yote nilikuwa nakucheka ukiwaonya pale mlangoni. Nisamehe. Nakuletea majani ya chai. Mungu akutunze, wewe na hao wageni wako wa nyuma ya jiko.

Mjukuu wako,
Zuhura