Mama, Pengo Lako Hawakuliziba

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuache, na kabla ya yote tukupe habari: albamu yenu imetoka. Imetoka vilevile mlivyoirekodi, pengo na yote.

Wengi wanakukumbuka kwa cherehani. Uliwashonea sare za shule, ukawapunguzia suruali, ukawasema bila aibu walioleta nguo bila kuzifua. Wachache walijua kwamba sauti ile inayoitikia katika nyimbo za yule mwimbaji mkuu, zile ambazo harusi haiishi kabla hazijapigwa, ni yako. Wewe na waitikiaji wenzako, Chiriku na Besi, mlisimama nyuma yake ujana wenu wote. Redio ikimpiga, jirani aliimba sehemu ya mwimbaji mkuu, nawe, mguu ukiwa kwenye cherehani, uliimba yako.

Kuitikia kulikuingia mwilini. Baba akiimba bafuni ulimwitikia kutoka jikoni, ukimvuta taratibu mpaka arudi kwenye sauti yenyewe. Maskini, hadi leo anadhani anajua kuimba. Kwenye picha za familia ulijipanga nyuma hata ya watu warefu, ndiyo maana picha nyingi tulizobaki nazo ni za kilemba chako.

Siku moja mwimbaji mkuu hakutokea studio. Bendi ilikuwapo, mitambo ya kurekodi ilikuwa imewashwa, mkasema potelea mbali, leo tunaimba zetu, zile mlizozitunga mkimsubiri yeye. Muziki ukaanza, ukafika pa kuingilia, na hakuna aliyeingia. Wote watatu mmevuta pumzi, mnamngoja mtu wa mbele! Muziki ukazunguka tena, mtupu. Ndipo kwenye kanda anasikika Chiriku: "Jamani, nani anaanza?" Besi anajibu, "Mimi? Thubutu!" Mnaangua kicheko, na Chiriku anakugeukia: "Anza wewe, bwana." Unasema, "Haya, naanza mimi." Ukaanza, na ulivyoanza, Mama, mpaka leo nywele zinatusimama.

Wenye studio walisema waitikiaji hawana soko. Kanda ikatupwa kabatini ikakaa zaidi ya miaka thelathini, mpaka kampuni yao ilipohama na mtu akapata akili ya kuisikiliza.

Wakamtuma kijana mmoja mtanashati nyumbani. Ulikuwa umeshaanza kuugua, lakini ulimpokea ukiwa unapindia pazia la watu. Akasifia sana, kisha akasema, "Ila Mama, pale mwanzo pana pengo. Tutamweka mzee wenu wa mbele aanze yeye, nyinyi mnaitikia. Amekubali. Na kwenye kava tunaweka picha yake."

Ulikata uzi kwa meno. "Mwanangu, huyo nimemwitikia vya kutosha. Humu hapana."

"Basi Mama, itabidi irudi kabatini."

"Irudi. Kabati limeshaizoea."

Alipoondoka, Baba alikubembeleza. Alijua hali yako, na wewe uliijua kuliko yeye. Akasema, "Mama watoto, kubali tu, uisikie ungali hai." Ukamshika mkono. "Nikisikika nyuma yake tena, watakuwa wamemsikia nani?" Baba alilia siku ile, nasi tulilia. Tulitamani mno uisikie redioni, umekaa kwenye kiti chako. Hukuisikia, na jambo hilo bado linatuuma.

Tulipokuzika, kijana akarudi na pole zake na lile lile pendekezo. Huenda alidhani sasa mambo yatakuwa mepesi. Baba, ambaye hajawahi kugombana hata na kondakta, alimwambia, "Alisema hapana. Mimi sijamsikia akibadilisha." Kijana akaenda kwa Chiriku, akafukuzwa. Akaenda kwa Besi, akakaribishwa chai, akanywa, kisha akafukuzwa. Ndugu wengine walituambia tunaringa, tunachezea bahati, marehemu hasikii. Wanaosoma hapa gazetini wajue kwamba tuliwasikia, na tungeulizwa leo tungejibu vilevile.

Wakachoka wao, watu wa kampuni. Juma hili albamu imetoka kwa jina la *Naanza Mimi*. Kwenye kava mpo watatu, na mbele yenu hakuna mtu. Tulipekua kila kasha nyumbani mpaka tukapata picha moja ambayo uso wako unaonekana wote. Mwimbaji mkuu tunamtakia afya njema, na tunamshukuru kwa siku ile ambayo hakuja kazini.

Leo mchana tunaipiga nyumbani, milango wazi, sauti juu. Atakayekerwa na kelele aje alalamike. Kiti kipo na chai ipo. Pale kwenye pengo tumekubaliana hakuna kuimba, hakuna kukohoa, hata Baba. Patakaa kimya mpaka uingie mwenyewe.

Unakumbukwa na mume wako; wanao, fundi umeme, mwalimu na kitinda mimba wako; wakwe zako; dada yako; wajukuu wako wote, hasa yule uliyemwita Spika kwa kelele zake; wenzako Chiriku na Besi; pamoja na wateja wako, wakiwemo ambao mapazia yao umewaachia nusu.

Siku zote tutakukumbuka, na tutakukumbuka ukiwa mbele.

Anza wewe, Mama.