Siumwi, Hawa, Usishuke Mlimani

Jumapili, hapa Mpapura. Asubuhi baridi, ukungu umekalia mikorosho mpaka jua likapanda. Moyo wangu unachemka.

Hawa mwanangu, kwanza salamu. Bibi yako hajambo, ila goti. Baba yako hajambo. Mdogo wako Zuhura hajambo, ndiye ananirekebishia herufi kwenye hii blogu uliyonifungulia. Mbuzi kazaa mapacha, hawajambo. Baba yako mdogo Issa naye hajambo, ila yeye ndiye kanichafua roho.

Jana alipita hapa akitoka kupulizia mikorosho salfa, njano mpaka kope. Akakaa, akaanza. "Shemeji, mtoto wa kike analala hemani huko milima ya Udzungwa na wanaume, anatafuta uyoga! Uyoga si upo hapo kwenye kichuguu?"

Nikamwambia, "Shemeji, kwa hiyo salfa unaua nini kama si kuvu? Wewe unapigana nayo kila mwaka, mwenzio kaenda kuijua. Kosa lake nini?"

Bibi yako alicheka mpaka akakohoa.

Issa akamgeukia baba yako. "Tumpigie, tumwambie mama yake mgonjwa. Atashuka mwenyewe."

Unajua huku kwetu. Mtoto akigoma kurudi, mama anafanywa mgonjwa kwa simu. Yule kijana wa jirani si aliacha kazi, akafika mbio na machozi, akamkuta mama yake anatwanga muhogo?

Baba yako anaangalia ndala zake.

Nusura nikubali.

Maana naogopa, mwanangu. Nikiona picha unazotuma za hayo mawe yanayoteleza, naifunika simu. Nawaza tembo. Nawaza baridi. Ningekuona hapa barazani, ningepumua.

Lakini picha zenyewe ndizo zilinipa nguvu. Uyoga mwekundu kama pilipili. Na yale madoa ya kijivu na kijani juu ya mawe, uliyosema si kitu kimoja, ni kuvu na mwani wameshikana, mmoja kajenga nyumba, mwingine anapika. Ukasema mengine huko bado hayana jina.

Hayana jina! Na mwanangu ndiye kainama anayatazama.

Nikasimama. "Mimi mzima. Siumwi, na siumwi kwa ajili ya mtu. Anayetaka mgonjwa augue yeye."

Issa kaondoka chai kaiacha nusu. Ila namba yako anayo, na kichwa chake unakijua.

Basi sikiliza. Akipiga yeyote akasema mama mgonjwa, usifunge mzigo. Siku nikiumwa kweli utasikia kwangu, na nikishindwa kusema atakupigia Zuhura, si mwingine. Kaa na kuvu zako mpaka kazi iishe. Vaa soksi mbili.

Ukipanda pale penye mtandao nijibu upesi, neno moja tu: nimesoma. Fanya hima, mama, kabla Issa hajanunua vocha.