Ukurasa wa Shemeji Kibwana

Msambweni,
Jumatatu, mwezi ishirini na moja Shaabani

Kwa dadangu mpenzi Mwanarusi,

Shikamoo dada. Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakufika hapo Vanga ukiwa mzima wa afya, wewe na shemeji Kibwana na mwanenu Ummi, na kwamba kile chumba mlichositiriwa na wakwe zako hakivuji tena kama nilivyosikia. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana. Goti lake la kushoto bado linatabiri mvua, na bado linakosea kama redio. Asubuhi hii ameniambia nikuandikie kwamba anakukumbuka kila akisuka ukili, kwa kuwa hakuna wa kumwambia kwamba anasuka vibaya.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati huu ambapo hata mkono wa Idi hutumwa kwa simu. Lakini simu yako mnatumia wawili, na ujumbe wa simu ukishatoka hauna mwenyewe: leo uko kwako, kesho uko kwa mke wa jirani. Karatasi ukishaisoma ukaitia jikoni, imekwisha. Basi mpe Ummi kitu cha kutafuna, kaa kitako, usome peke yako.

Mwaka jana, siku mliyokuwa mkifunga vyombo, uliniuliza ile kazi yangu ya kompyuta ni kazi gani hasa. Sikukujibu, kwa kuwa ulikuwa umeshika ncha moja ya godoro na mimi nimeshika ya pili. Nitakujibu leo.

Unajua kwamba kamati ya mgao wa shamba la Kidundo ilikuwa na madaftari ya zamani, ndiyo yaliyoonyesha nani alipewa kiwanja gani. Yalipigwa chapa na karani mmoja ambaye nadhani hakuwahi kubadilisha utepe wa mashine yake tangu aajiriwe. Maandishi hafifu, na kila alipopiga sita, jicho lake limejaa wino, ukiitazama kwa haraka waona nane. Mchwa walikuwa wamekwisha kuanza kusoma kutoka ukurasa wa mwisho. Kamati ikaamua yote yaskaniwe yaingizwe kwenye kompyuta, na kampuni iliyopewa kazi ikamleta msichana wa bara, Beryl, awe msimamizi. Beryl akatafuta mtu anayejua. Nikasema najua. Kujua kwenyewe nilijifunza baada ya kusema.

Ukurasa ukiskaniwa kwa nyeusi na nyeupe tu, dada, huwa ni mamilioni ya nukta: hii nyeusi, hii nyeupe, basi. Ukiuacha hivyo ni mzito, na mtandao wa hapa unaujua, picha ya mtoto hufika mtoto keshaota meno. Kwa hiyo kuna programu ya kuyabana mafaili. Programu hiyo ina njia mbili. Ya kwanza haipotezi kitu: inakunja ukurasa kama unavyokunja leso, na ukiikunjua ni leso ile ile, maua yake, maneno yake, hata doa la mchuzi. Ya pili ni njia ya mvivu. Inakusanya herufi zinazofanana, inaweka moja, kisha kila inapoona kitu cha sura ile inagonga ile moja kama muhuri. Faili huwa dogo mpaka ukaona haya. Ni kama bibi mwenye wajukuu wengi akaamua kuwaita wote Fatma: anaokoa pumzi, ila siku ya kugawa urithi ni balaa.

Njia ya kwanza ilitosha kabisa. Nakwambia hili mapema usije ukailaumu mashine. Lakini Beryl alikuwa akizungukazunguka na kikombe chake cha kahawa, akilalamika kwamba hizo fail ni nzito ajabu, net ni mbovu, na watu wa Coast kila kitu ni pole pole. Nikabonyeza njia ya pili. Kurasa zikapungua kama sukari kwenye chai. Akapiga makofi, akaniita injinia mbele ya watu wote. Dada, tangu nizaliwe nimeitwa majina mengi, mengine na wewe mwenyewe. Injinia halikuwemo.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Orodha mpya ikabandikwa kijijini kwenu Majoreni, na kwa kuwa ilipangwa kwa majina, si kwa namba, hakuna aliyeshtuka mpaka shemeji Kibwana aliposomewa jina lake. Kiwanja chake, ati, ni themanini na sita: pale kwenye mikoko, ambapo maji yakijaa hata kaa huhama. Na sitini na sita, yenye nyumba yenu na minazi yenu, haikuwa na jina la mtu. Bwana Alamin, mwenyekiti wa kamati, akaomba kiwanja hicho kisicho na mwenyewe. Alifuata utaratibu, usimsingizie: walipokuwa wakijadili ombi lake alitoka nje ya chumba, akasimama dirishani.

Madaftari ya zamani hayakuwapo tena, na kile kikaratasi cha mgao alichopewa shemeji zamani kilikuwa kimeliwa na mchwa pamoja na nusu ya cheti chenu cha ndoa. Majirani walisema wamemwona pale miaka yote; kamati ikajibu kwamba kukaa si kumiliki, nusu ya Kidundo wanakaa pasipo pao. Ndipo wazee wakasema jambo liishe kwa yamini. Wewe ulibaki nyumbani na wanawake wenzako, na ya msikitini uliyapata vipande vipande. Mimi nilikuwa safu ya pili.

Walimtaka shemeji ashike msahafu aape kwamba katika daftari la zamani jina lake liliandikwa kwenye sitini na sita. Hayo tu. Mkono wake ukaenda, ukafika karibu, ukarudi. Akasema kwamba amekaa pale miaka kumi na tisa, kila mnazi anaujua kwa mwaka alioupanda, na hayo yu tayari kuyaapia hata mara saba. Lakini daftari lile liliandikwa kwa herufi za Kizungu, na macho yake yalifundishwa zile za Kiarabu za chuoni. Karani alimsomea, naye akatia dole gumba. Yaliyoandikwa hakuyaona, aliambiwa. Na hawezi kumshuhudisha Mwenyezi Mungu juu ya jambo la kuambiwa.

Wewe na mimi tunajua kwamba kuanzia Shimoni hadi mpakani hakuna mtu mwingine ambaye angesita. Kosa kama lile hulifanya mcha Mungu peke yake. Basi msikiti ukachangamka. Mmoja akamuuliza kama miaka kumi na tisa alikuwa akilala ndani ya nyumba au ndani ya dhana. Mwingine akasema mkono wa mwenye haki haujui kurudi njiani. Mzee mmoja wa nyuma, aliyekuwa hata hajui kesi ni ya nini, akasema mwenye kuikimbia yamini ameshakiri. Bwana Alamin akasema kwa upole, maana yeye akikata hukata kwa upole, kwamba shemeji asilazimishwe, huenda Mungu amemzuia kwa rehema asiongeze dhambi.

Kisha wakaniita mimi. Injinia.

Nilikuwa na udhu. Nikaweka mkono wa kulia juu ya msahafu, nikaapa Wallahi, Billahi, Tallahi, kwamba katika kurasa zile sikubadilisha kwa mkono wangu hata tarakimu moja, na kwamba orodha ni vile ilivyotoka kwenye mashine. Kila neno lilikuwa kweli, dada. Nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri, nikayapima moja moja.

Kulitokea kunong'ona kidogo, kwa kuwa watu wa Majoreni si wajinga na wengine wananijua. Unajua nani aliwanyamazisha? Shemeji. Akasimama, akawaambia kwamba mimi anaweza kunidhania mengi, lakini si kuuapia uongo msahafu. Akasema ikiwa nduguye mkewe amekula yamini, basi yatosha, pengine karani ndiye aliyekosea tangu mwanzo, na yeye hana ugomvi na mtu. Akaja akanipa mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu kama kifuu.

Mkapewa siku saba mhame. Watoto wa Majoreni wakamwita Bwana Matope mpaka mlipopakia vitu. Mama ananiambia kwamba huko Vanga siku hizi anabeba masanduku ya samaki, msikitini anaswali safu ya mwisho karibu na viatu, na akizungumza ni kusema kwamba labda kweli karani alimsomea vibaya. Nimesikia pia kwamba nawe ulimwambia, mbele ya mamake, kwamba mkono ulioogopa msahafu ndio uliokutoa nyumbani kwako, na kwamba tangu siku hiyo mwalala pande mbili za chumba. Ulimwonea, dada. Sisemi kwa kulaumu, nasema kwa kuwa mimi ndiye mtu wa pekee anayejua kiasi gani ulimwonea.

Wiki mbili kabla orodha haijabandikwa, madaftari yakiwa bado juu ya meza yangu, alikuja Mama Kache kutaka kuuona ukurasa wake. Nikaufungua kwenye kompyuta, nikalinganisha na karatasi. Sitini na moja yake imekuwa themanini na moja. Ule muhuri wa mvivu ulikuwa umechukua nane moja ukaigonga juu ya sita. Nikapitia daftari zima, siku tatu, nikakuta kurasa kumi na moja za namna hiyo. Nikaziskani upya zote, kwa njia ya kwanza, kila nukta mahali pake. Kumi nikazirudisha kwenye faili la kamati. Mama Kache aliniombea dua ndefu hata nikachoka kusimama.

Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa wa mumeo. Niliutazama: sitini na sita, wazi, ina wino jichoni lakini wazi. Sikuurudisha.

Ilikuwa wiki ile ile ambayo Bwana Alamin aliikataa posa yangu kwa binti yake Hasina. Alikuwa amemuuliza Kibwana, kama watu wanavyomuuliza kila jambo, kwa kuwa hasemi uongo. Kibwana akamwambia kijana ni mwerevu, ila werevu wake haujapata mwenyewe, amngoje. Hakunitukana. Angenitukana ningemsamehe.

Sikufanya kitu, ndiyo raha ya dhambi hii. Haikunitaka ninyanyue hata kidole, ilinitaka nisikinyanyue. Kosa la mashine lilikuwa kosa kweli, mpaka siku ile nilipolijua. Siku chache baadaye, kabla orodha haijabandikwa, kamati ikaamuru madaftari yachomwe, mchwa wasije wakahamia kwenye meza mpya. Beryl akatia sahihi. Kiberiti nilikuwa nacho mimi.

Bwana Alamin hajaniuliza lolote. Watu wenye akili hawaulizi. Baada ya ninyi kuhama alinikaribisha kahawa, akasema amenitazama upya. Nikahi yangu na Hasina ni Ijumaa ya pili ya Mfungo Mosi, inshallah, na amempa binti yake kile kiwanja, tukae pale. Mama anataka uje mapema usimamie mapishi. Nami naomba uje.

Ukigeuza ukurasa huu utaona kadi ndogo nyeusi, ile ya kuhifadhia mafaili, nimeibandika kwa gundi. Ndani yake umo ukurasa wa shemeji, haukupoteza hata nukta. Mtu yeyote mwenye kompyuta atakufungulia. Ukiupeleka kwa mkuu wa wilaya, nyumba itarudi, na mumeo atarudi safu ya mbele. Mimi nitakuwa yule aliyemfanyia Mungu hila ndani ya nyumba yake, Hasina ataolewa na mwingine, na Mama, mwenye mtoto wa kiume mmoja, hatavuka tena kizingiti cha mlango wake. Usipoupeleka, utakuwa unajua na kunyamaza, na hiyo ndiyo dhambi yangu yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Utauliza kwa nini nakutumia. Nimechoka kujua peke yangu. Na kati ya watu wote nimekuchagua wewe kwa kuwa tulipokuwa wadogo, kila nilichokivunja ulisema umevunja wewe, na Mama alikupiga, nawe ukaniangalia bila kusema. Hutaupeleka, dada. Nisingekuwa na uhakika nisingeandika.

Shemeji atakuuliza nimeandika nini. Atakaa mbele yako kwa adabu, kofia mkononi, na herufi hizi hazijui. Atakaloamini ni lile utakalomsomea. Msomee salamu za mwanzo na hizi za mwisho. Mwambie namheshimu, namwomba radhi kwa kuchelewa kuandika, na siku ya nikahi awe mmoja wa mashahidi wangu wawili, kwa kuwa sina ninayemwamini kuliko yeye.

Nawatakia Ramadhani njema na funga yenye kukubaliwa. Mbusu Ummi kwa niaba yangu. Mama anasema usisahau kuja na pweza mkavu.

Wasalaam,
Ndimi mdogo wako akupendaye,

Swabir