Mwezi Uliomchukua Asmahani

Makorora, Tanga
20 Septemba 1959

Mama, shikamoo. Mimi na mkweo tu wazima, ila kifua chako ndicho kinachotutia wasiwasi.

Redio ya dukani imesema Warusi wamefikisha chombo mwezini! Wazee barazani wanabisha, mimi nashangilia. Waende, Mama, tena warudi huko mara kwa mara, wachimbe, wajenge, wajue mwezi unavyovuta maji haya. Mtu akisimama kule ataiona pwani yetu yote, hata mwamba wa Mkwaja. Mwezi ni jiwe tu. Haukumchukua Asmahani kwa chuki. Dada alizidiwa na maji ya bamvua, yale yapwayo na kujaa kupita kiasi, akitafuta pweza, basi. Acha kumfuata kule mwambani, njoo ukae nasi.

Mwanao, Zubeiri

Mkwaja
4 Oktoba 1959

Zubeiri mwanangu, marahaba. Kifua kimepoa, alhamdulillahi. Anayeniandikia ni mwalimu wa chuo cha Kurani, naye anakuna kichwa kwa hayo ya Warusi.

Wewe unasema jiwe. Mimi kila bamvua, maji yakipwa, namsikia dadako akigonga mwamba kwa chuma chake cha pweza. Unajua sisi wanawake huitana majina kabla ya kurudi. Siku ile nilimwita, akaitika, nikageuka. Tulipofika ufukweni hayupo. Aliyeitika ni nani? Mwezi ukiandama naugombeza: nirudishie mwanangu. Mungu anisamehe.

Lakini neno lako moja limenikaa moyoni, la kuiona pwani yote. Bamvua lijalo nitavaa kanga ya Asmahani nisimame pale pale alipopotelea, ili hao walioko juu wapajue. Siondoki mpaka wanione.

Mama yako

Makorora, Tanga
10 Oktoba 1959

Mama, shikamoo. Sote wazima. Usiende! Mwezini hakuna mtu. Chombo kilijibamiza kikavunjika, hakina macho. Nilikuwa nasema ya kesho, pengine wajukuu zangu ndio watakaoyaona. Barua hii nampa dereva wa lori. Mwalimu akusomee mara mbili. Nimebaki na wewe tu.

Mwanao, Zubeiri

Mkwaja
29 Oktoba 1959

Zubeiri mwanangu, marahaba. Ni mzima, kasoro sauti imekauka.

Barua yako ilifika nimekwisha toka. Nilisimama mpaka maji yakanifika kifuani. Wenzangu waliniita jina, sikuitika. Ikabidi warudi wanivute mikono. Mimi nilikuwa nikimwita Asmahani. Safari hii hakuitika, mwanangu. Hata chuma sikukisikia.

Jioni mwalimu akanisomea maneno yako. Nimekukasirikia, sikufichi. Nilikuwa na wa kugombana naye, nikipata usingizi kwa hilo. Jiwe utaligombeza nini? Nyumba imekuwa kimya, naogopa kukaa ndani yake. Njoo unichukue. Chumba utakachonipa kisitazame bahari.

Na hao wanaotaka kwenda mwezini, waende tu. Hawatamsumbua mtu.

Mama yako