Mama Hajawahi Kusifia Chakula cha Guangzhou

Guangzhou, 3 Mei 2009

Mwanangu Careen,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila magoti yananiuma, mvua haikatiki, na laoban, yaani mwenye duka la majinzi, kanipakilia saizi za watoto. Namdai anibadilishie, ananijibu "meiyou", ati hakuna! Nusura nimpige kandambili. Pasi yangu iko ofisini inaongezewa viza, na polisi wanakagua kila kona ya mtaa wetu wa Xiaobei, kwa hiyo nashinda ndani kama kuku anayeatamia.

Hivi huko Japani unasoma nini hasa? Albina wa kanisani aliniuliza, nikajibu "kompyuta" nikageuza mazungumzo.

Mama yako

Tokushima, 6 Mei 2009

Shikamoo mama,

Pole na magoti. Mimi mzima.

Vijana wa hapa wana lugha yao ya mitaani, hata wazazi wao inawapiga chenga. Naifundisha kompyuta itambue aliyeandika kafurahi, kakasirika au ana huzuni. Tunakusanya sentensi zao, wenzangu Wajapani wanaweka alama ya hisia kwenye kila moja, mashine inajifunza humo. Neno kama "yabai" kijana hulisema kwa keki tamu na kwa mtihani aliofeli, basi mashine lazima itazame na maneno jirani. Inakosea sana, profesa ananuna.

Mwanao

Guangzhou, 19 Juni 2009

Mwanangu mpendwa Careen,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni mzima kabisa, namshukuru Mungu. Biashara ni nzuri. Chakula ni kizuri. Hali ya hewa ni nzuri. Soma kwa bidii, usiwe na wasiwasi.

Mama yako

Tokushima, 19 Juni 2009

Shikamoo mama,

Kompyuta yangu ingesoma barua pepe hii ikaandika "furaha". Lakini wewe hujawahi kusifia chakula cha Guangzhou! Magoti yako wapi? Laoban je? Nimeogopa, mama. Nimempigia Joachim, yule wakala wa mizigo wa jengo la Tianxiu, anakuja kwako sasa hivi. Mfungulie mlango, nakusihi.

Mwanao

Guangzhou, 2 Julai 2009

Marahaba mwanangu,

Watu walikimbia ukaguzi wa pasi, nikaanguka kwenye ngazi, chuma kikanichana mguu. Sina pasi mkononi, nikaogopa hospitali wataniitia polisi. Nikajifungia ndani nikiomba. Na wewe uko mbali, ningekutwisha mzigo huo wa nini?

Joachim alinikuta naweweseka kwa homa. Akanibeba mgongoni, jirani yangu Élise, yule Mkongo, akitangulia kufungua njia: "Courage, maman! Jikaze! Tunafika!" Hospitalini waliniuliza jina tu. Daktari akasema kidonda kimeoza, ningechelewa kidogo mguu ungekatwa.

Asante, mwanangu. Asante kwa kunijua. Nimelia nikiandika hapa. Mwambie profesa asinune, mimi Melania wa Moshi namshukuru na yeye.

Basi, mimi sijambo. Uji wa hapa hauna chumvi, kidonda kinawasha, nesi anatandika kitanda nami niko juu yake, na Joachim anatangazia Tianxiu nzima uzito wangu. Umesoma? Haya, lala sasa.

Mama yako