Matembezi Yasiyo na Safari

Birongo, Kisii
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Lorna,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Huko Minnesota baridi imeshaanza? Watoto hawajambo, na mgongo wako je? Sisi tupo kwa neema ya Mungu. Chai imechipuka vizuri na mvua haituachi. Mimi ni mzima, kwa kadiri mtu mwenye moyo kama wangu anavyoweza kuwa mzima.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikitaja kutembea tu unaanza kulia, na mimi ninaishia kukubembeleza. Barua haikatizwi. Ochoki anasafiri kuja huko, atakuletea.

Nilikaa, Lorna. Nilipotoka hospitalini nilikaa kama mlivyotaka. Shemeji yako Baba Duke alificha jembe, akanikataza hata kuchuma chai. Nilikaa mpaka miguu ikavimba na nikaanza kugombana na kuku. Kliniki daktari akanieleza kwamba moyo wangu umechoka kusukuma damu, lakini nikikaa tu utazidi kulegea. Nimeze dawa bila kuruka, nitembee polepole mahali tambarare, nisibebe mzigo. Nikishindwa kuongea huku ninatembea, nimezidisha. Kifua kikibana au kizunguzungu kikinishika, nisimame hapo hapo, na kisipotulia nikimbizwe hospitali.

Sasa tambarare utaipata wapi Gusii? Ni kile kipande cha barabara kutoka kanisani hadi sokoni, basi. Na watu wetu unawajua: mwanamke akitembea mikono mitupu, bila safari, ama amefukuzwa na mume ama akili zimeruka. Tena sikutaka wajue ninaumwa. Kwa hiyo nikawa ninabeba kikapu, waseme ninaenda sokoni.

Kikapu hicho nusura kiniue. Juma lililopita Eucabeth, mke wa Obwocha, alikiona kitupu nikirudi. "Mama Duke, utafikaje nyumbani na kikapu kitupu kama mtu hana majirani?" Akanijazia ndizi za kupika. Ningekataaje? Nikabeba. Mbele kidogo mzee Nyakundi akanisalimu, "Bwakire." Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Akapita akinung'unika kwamba siku hizi ninaringa. Niliketi kwenye nyasi, moyo unadunda kama mchi kwenye kinu. Niliogopa sana, Lorna. Ni Eucabeth huyo huyo aliyeniona kwa mbali, akaita bodaboda, nikapelekwa kliniki.

Daktari alinigombeza kwa sababu ya ndizi, si kwa sababu ya miguu. Lakini Baba Duke alisikia nusu tu. Tangu siku ile lango lina kufuli na ufunguo uko mfukoni mwake. Najua wewe na yeye mlizungumza. Mimi ninazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, na miguu imeanza kuvimba tena.

Jana, Sabato, nilisimama kanisani wakati wa maombi nikasema wazi: nina ugonjwa wa moyo, mkiniona barabarani siendi popote, ninatembea nipate nafuu, msinipe cha kubeba. Mzee Nyakundi alikuja kuniomba msamaha. Eucabeth akasema atatembea nami kila asubuhi. Baba Duke aliangalia viatu vyake, na tulipofika nyumbani akafunga lango.

Mpigie wewe. Mimi ni mke wake, hanisikii. Wewe ni shemeji, tena wa ng'ambo, atakusikia. Nyote mnaniambia nipumzike. Hapa kwetu mtu akishapumzika, watu huenda kuchimba kaburi. Mimi bado, Lorna.

Nisalimie Ishmael mume wako, na mwanao Sheryl mwambie mama zake wakubwa wote wanamuulizia. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape kazi njema na usingizi mtamu.

Dada yako akupendaye, aliye ndani ya lango,
Nyanchoka