Mgeni wa Msibani

Shibar, baada ya kuvuna viazi

Mdogo wangu Sakhidad,

Mimi dada yako mkorofi ni mzima. Yule mbuzi mweusi kazaa mapacha. Mgongo wangu usiuulize.

Nakuandikia kuhusu siku tuliyomzika mama. Tangu uoe kwa Wasunni wa Doshi na kuanza kusali umefunga mikono kifuani, si kuiachia kama sisi Mashia, watu hapa kwetu wanasema, "Huyo si Mhazara mwenzetu tena, keshakuwa Mtajiki, wa kabila lile la Wasunni." Siku ile ulimsalia mama hivyo hivyo, mbele ya watu. Wakati wa chakula jirani yetu Bi Zewar akaniuliza kwa sauti, kana kwamba hakujui, "Nani yule mwenye uso kama wako?"

Nikaona haya. Nikajibu, "Mtajiki tu. Mgeni."

Ulisikia. Mimi ningetukana. Wewe ulimwambia, "Kweli, mama, mimi mpita njia," kwa lafudhi ya mama yetu hasa. Watu wote wakainamisha vichwa.

Jana ilikuwa arobaini ya mama. Nilikupakulia sahani, ingawa hukuwepo. Bi Zewar akauliza ni ya nani.

"Ya mdogo wangu," nikasema.

Hakuuliza yupi. Aliifunika kwa mkate isipoe.

Dada yako, ukinikubali,
Gulbakht